Ndege Mmoja, Mashahidi Wawili

Goma, Jumapili jioni

Yaya wangu Masika, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linaendeleaje? Na ule mlima wa kwenda parokiani, bado unaupanda kwa miguu, au umekubali hatimaye kupanda pikipiki kama wenzako? Nakujua, utajibu kwamba umepona kabisa ili nisihangaike. Mimi pia nilitaka kuanza hivyo, nikuambie kwamba niko mzima, kazi inaenda, ziwa liko mahali pake. Na kweli niko mzima. Lakini karatasi mbili nimeshazichana, maana kesho saa tatu asubuhi nimeitwa kwenye ofisi moja, sitaitaja, na sijui nitatoka saa ngapi wala siku gani. Afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa watu wa njiani, ambao wakisikia mtu ameitwa wanamzika kabisa.

Usianze kulia. Soma kwanza hadi mwisho.

Anayekuletea barua hii ni mama mmoja wa vitenge anayefika Butembo kwa kuzungukia Uganda. Simu sikutaka. Siku hizi kwenye simu tunaongea habari za mvua tu.

Kazi yangu unaijua: mlinzi wa mchana kwenye nyumba ya Himbi ambayo wenyewe wameondoka wakaacha funguo. Nafungua lango, nafagia majani, namwagilia maua ambayo hakuna anayeyatazama. Na kazi yangu ya pili unaijua pia, maana umeicheka tangu tukiwa wadogo. Ndege. Wewe ambaye kila kiumbe chenye manyoya unakiita kuku, mkubwa kuku, mdogo kuku, hata tai ulimwita kuku mwenye kiburi. Cheka, lakini leo naomba unisikilize kama mtu anayejua tofauti.

Tuko watu sita hapa mjini tunaotazama ndege. Mkubwa wetu ni Muzee Mwalimu, mstaafu aliyefundisha biolojia mpaka macho yakaingia ukungu. Kila Jumapili alasiri tunakaa sebuleni kwake, kila mtu na daftari lake, tunasomeana tuliyoyaona wiki nzima: siku, saa, mahali, idadi, wametoka upande gani, wanaelekea wapi. Ndege wa kawaida anaingia kwenye daftari kubwa la kikundi bila maswali. Lakini ndege wa mbali, yule aliyepotezwa na upepo akatua mahali asipojulikana, huyo haingii kwa neno la mtu mmoja. Lazima awe ameonwa na watu wawili. Na huyo wa pili haambiwi jina la ndege. Unampa jimeli, ile darubini ya macho mawili, unamuuliza anaona nini, anaeleza kwa maneno yake, unaandika kama alivyosema, naye anatia jina lake chini. Anayebuni shahidi, kila alichowahi kuandika kinafutwa. Hiyo ni sheria ya Muzee na hana mzaha nayo.

Miaka yote niliyokaa kwenye kikundi, mimi sijaingiza ndege hata mmoja wa namna hiyo. Wenzangu wana wao. Fundi wetu wa baiskeli aliwahi kumwona shakwe wa baharini akiwa juu ya paa la soko, na mpaka leo anatembea kama mtu aliyezaa mapacha. Nakuambia haya ili ujue kwamba yaliyofuata sikuyafanya kwa ujinga tu. Nilikuwa na tamaa.

Jumamosi ya wiki iliyopita, nikielekea kazini, nilipita Keshero kwenye ule ufuo mdogo wa mawe meusi ambapo akina mama wanafua. Ndege alikuwa amesimama majini peke yake. Rangi ya majivu yaliyolowa, miguu mirefu, shingo kama mpira wa kumwagilia, na mdomo umepinda katikati kana kwamba ulivunjika ukaungwa vibaya. Alikuwa anakula huku amegeuza kichwa juu chini. Nilikaa juu ya jiwe nimtazame vizuri. Yaya, alikuwa flamingo, yule ambaye wengine humwita heroe. Mchanga bado, hajapata ile rangi ya waridi. Kwao ni kwenye maziwa ya magadi, kama kule Katwe inakotoka ile chumvi ambayo mama alikuwa akitutuma kununua. Sijui nini kilimtoa huko. Katika daftari kubwa la Muzee, kurasa zote zile, jina lake halimo.

Simu yangu unaijua, inapiga picha za ukungu. Jumapili ile niliwaeleza wenzangu. Muzee alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali lake lile lile, "Na wa pili ni nani?" Sikuwa naye. Yeye mwenyewe kwa macho yale hawezi, na wengine wakaangalia viatu vyao, maana siku hizi hawapendi kuonekana ufuoni na jimeli. Walikuwa na akili kuliko mimi.

Basi siku ya tano nikamwendea mama mmoja anayefulia watu nguo pale Keshero. Jina lake sitaliandika hapa, nimeshajifunza. Ni mkimbizi wa milima ya Masisi, amepewa chumba na watu wema upande wa Munigi, na anashuka kila asubuhi na beseni kichwani. Tulikuwa tunasalimiana tu. Nikampa jimeli.

"Mama, unaona nini?"

"Niko naona maji."

"Chini kidogo, kando ya lile jiwe."

Akashusha jimeli kidogo. Kisha akasema polepole, nami nikaandika neno kwa neno: "Eh. Iko ndege moya. Rangi yake sawa majivu. Miguu murefu, sawa miti ya maharage. Mudomo imepinda. Anakula kichwa chini." Aliendelea kutazama bila mimi kumuuliza. "Huyu hatokake huku. Ku haya mawe atakula nini?"

Nilimwambia anaweza kuweka alama ya kidole tu. Akakasirika. "Mimi nilisoma mupaka ya sita. Leta biki." Akaandika majina yake yote matatu, polepole, akisukuma ulimi kwenye shavu, na chini yake, bila mimi kumwomba, akaandika jina la kijiji alikokimbia. Akayatazama maandishi yake. "Tangu nikimbie, jina yangu banaiandikaka bo, ku liste ya musaada. Leo nimeiandika mimi mwenyewe." Akanirudishia kalamu akaendelea kufua. Nilipaswa kukifuta kile kijiji pale pale. Nilikiacha kwa sababu ukurasa ulikuwa umependeza.

Sasa ni jana. Nilisimama juu ya mawe, jimeli usoni. Mbali, nyuma ya ndege, boti lenye askari lilikuwa linapita, na mimi sikuliona, naapa kwa jina la mama. Nilikuwa natazama miguu ya ndege, jinsi ilivyokonda. Wanaume wawili wenye bunduki wakanishika mabegani. Wakachukua jimeli, wakachukua daftari, tukatembea mpaka ofisini kwao. Mkubwa wao alisoma taratibu, bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Kumi na ine, saa kumi na mbili na nusu, wanatoka kusini, wanaenda Sake, chini chini juu ya maji. Ni nani hawa?"

"Ni minandi, Shefu. Ndege weusi, wanakulaka samaki."

"Mbili juu ya antena, wanakaa murefu, wanaangalia uwanja."

"Vipanga, Shefu."

"Na huyu flamingo?"

Nikamwambia yupo, tukienda sasa hivi atamwona kwa macho yake. Mmoja wa wale walionikamata akacheka. "Ile iko pale ni ya gri, Shefu. Flamingo iko roze. Mimi niliona ku televizio."

Nilijaribu kueleza kwamba huyu ni mtoto, kwamba rangi inakuja baadaye na chakula, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwongo. Hata mimi mwenyewe nilianza kutojiamini. Kisha akaufikia ukurasa wa yule mama. Jina la kijiji alilisoma mara mbili. Kijiji hicho, Yaya, kiko kwenye vilima ambako hawa bado wanapigana na adui zao.

"Huyu mwanamuke ni nani? Juu ya nini mutu ya kule anasaini ku kaye yako?"

Hapa ndipo nilipokosea, na hakuna mwingine wa kumlaumu. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema simjui. Lakini niliogopa, nikataka tu ule mlango ufunguliwe, nikasema: "Ni shahidi yangu, Shefu. Nitamuleta lundi."

Akaandika siku hiyo, Jumatatu. "Lundi saa tatu. Usipomuleta, tutamutafuta sisi."

Nikaachiliwa. Daftari na jimeli vimebaki kwao. Nilipofika barabarani nilikaa chini kando ya ukuta, watu wakapita wakidhani nimekunywa. Mtu aliyekimbia mara tatu, aliyenisaidia kwa dakika kumi bila kuniomba kitu, nimemtoa mimi kwa mdomo wangu ili nitoke nje.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Muzee Mwalimu. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ingawa haimsaidii. "Nitakuja na kitabu changu," akasema. "Tutamupeleka ule mukubwa ku maji, tutaweka picha ya mutoto ya flamingo kando ya ndege yenyewe, ataona. Na nitamuambia mbele ya batu wote: Kasereka haandikake uongo. Hata siku moya." Nilitoka pale na nguvu kidogo. Ndege akiwepo na kitabu kikiwepo, nani atahitaji tena shahidi? Ilitakiwa tu ndege akae siku mbili. Na mimi ambaye wiki nzima nilikuwa nikimwombea apate nguvu aondoke, nikaanza kumwombea akae. Sijui Mungu anatuonaje.

Kutoka kwa Muzee nikapanda Munigi. Nilimkuta yule mama anamenya viazi mlangoni. Nikamweleza yote, nikamwomba ajifiche kwa ndugu yeyote aliye naye. Alinitazama kama mtu aliyemwomba aibe.

"Juu ya nini nijifiche? Niliona. Nitasema niliona."

"Mama, hawa hawaulizi habari ya ndege."

"Basi mimi nitawajibu habari ya ndege."

Alikuwa na kitenge kimoja kizuri alichokimbia nacho. Nilipokuwa nashuka alishakifua, amekitandaza kwenye kamba kikauke kwa ajili ya Jumatatu.

Leo asubuhi kabla ya misa nilipita Keshero. Alikuwepo, Yaya, pale pale kando ya jiwe, na moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu jana. Na yule mama alikuwepo pia, bila beseni, siku ya Bwana. Alikuwa ameshuka kutoka Munigi kwa miguu kuja tu kuangalia kama ndege bado yuko. Tulisimama tukimtazama. Hakukuwa na boti, hakukuwa na mtu wa kumshtua. Ndege akainua shingo, akakimbia juu ya maji hatua nne, tano, akapaa. Shingo mbele, miguu nyuma, mrefu kuliko nilivyodhani. Alipopinda juu yetu, chini ya bawa kulikuwa na waridi. Kidogo sana, kama mtu amempaka kwa kidole.

"Uliona?" akasema mama yule. "Iko roze."

Alipita juu ya mapaa ya Himbi, akashika upande wa kaskazini, upande wa kwao. Nilifurahi, Yaya. Kabla sijakumbuka lolote, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na mkono wangu ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta daftari ambalo halimo. Ndipo nikakumbuka.

"Andika," akaniambia.

"Sina kaye, mama."

"Haina shida. Kesho nitawaambia hata ile ya bawa."

Nikamdanganya usoni. Nikamwambia ametumwa mtu kunijulisha kwamba tumesogezwa hadi Jumatano, na angojee chumbani kwake mpaka nimfuate mwenyewe. Ofisi yenyewe, yeye hajui iko wapi, hilo ndilo linaloniokoa. Akakubali. Akasema basi kitenge atakikunja tena.

Sasa nikuambie nilichoamua, na usinijibu kwamba nimerukwa na akili, maana nimelifikiria hili misa nzima, hata sijui padri alihubiri nini. Ndege hayupo. Kitabu bila ndege ni picha tu. Wanachobaki nacho ni jina la mwanamke na jina la kijiji. Nikisema yupo lakini simleti, watamtafuta, na akina mama wa Keshero wote wanamjua. Kwa hiyo kesho nitasema hayupo. Nitasema nilibuni jina, nikabuni kijiji kwa kuwa nilikisikia redioni, nikajiandikia maneno yote ya shahidi ili kikundi kiniandike kwenye daftari kubwa. Nitasema hata jana nilidanganya kwa woga. Wataona wamempata mtu mjinga anayetafuta sifa, na mjinga huwa anapigwa kidogo kisha anafukuzwa. Naomba Mungu iwe hivyo. Inaweza pia isiwe hivyo, na hilo unalijua bila mimi kuliandika.

Wanaweza kunipa kalamu nionyeshe jinsi nilivyoiandika ile saini. Ndiyo maana tangu saa saba niko hapa mezani naandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Herufi zake zimesimama wima, na mwisho wa kila jina anavuta mkia mdogo. Nimekaribia karatasi ya ishirini. Zote nimezitia motoni.

Linalonitesa zaidi si kipigo. Ni kwamba Muzee Mwalimu atakuwa amekaa pale na kitabu chake mapajani, amekuja kunishuhudia. Siwezi kumweleza mapema, kwa sababu Muzee hajui kudanganya. Wakimuuliza swali moja uso wake utajibu. Kwa hiyo atalisikia pale pale, kutoka kinywani mwangu, na ataamini. Nani angejisingizia jambo kama hilo? Atafunga kitabu. Alasiri hii sikwenda kwake, na Jumapili ijayo, hata nikiwa huru, sitakuwa na mahali pa kukaa. Atachukua kalamu nyekundu, afuate jina langu ukurasa kwa ukurasa, mwaka kwa mwaka, na kila ndege niliyemwona tangu nije mji huu atapigwa mstari. Naogopa kesho, Yaya, nakwambia wazi. Lakini nikifikiria ule mstari mwekundu ndipo ninapolia.

Usije. Barabara si ya goti lako, na ukifika utauliza maswali kwa sauti kubwa kama kawaida yako. Usipige simu pia. Mama wa vitenge akirudi huku ataulizia kwa jirani yangu, naye ataleta jibu.

Msalimie shemeji Paluku, mume wako, mwambie msumeno wake bado ninao na nautunza. Majina naandika bila woga, maana kila nyumba ya kwetu ina Paluku wake, wakitaka kumtafuta watakamata mji mzima. Msalimie mama mdogo Kahindo pale sokoni, mwambie maharage yake nilikula hadi punje ya mwisho. Binti yako Kavira, mwalimu wetu mpya, mpe pongezi za mjomba wake, na asiwapige wanafunzi wanaochungulia dirishani, pengine kuna ndege. Ukienda kaburini kwa mama, ng'oa majani upande wa miguu kwa niaba yangu.

Ukimaliza kusoma, itie karatasi hii kwenye moto wa jikoni. Usiifiche ndani ya Biblia kama unavyofanya na barua zangu zote. Ila kabla ya kuitia motoni nisaidie kitu kimoja, wewe usiyejua tofauti ya kuku na tai. Yashike kichwani maneno haya, hata kama hayakuhusu, maana hayataandikwa mahali pengine popote. Flamingo mmoja, mchanga. Keshero, Ziwa Kivu. Alikaa siku tisa. Aliondoka Jumapili asubuhi, kuelekea kaskazini, na chini ya bawa alikuwa na waridi.

Tulimwona watu wawili. Kesho nitasema nilikuwa peke yangu.

Mdogo wako,
Kasereka